Kilo za Nakato, na Miaka Tisa ya Kubeba Vikopo vya Choo

Uvumilivu wangu uliisha Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya mizani ya kliniki, huku akina mama kama ishirini wakiangalia. Nesi alikuwa amemning'iniza binti yangu Nakato kwenye ile suruali ya kupimia. Akasoma namba kwa sauti ya mnadani, kilo nane na nusu, kisha akafungua kadi na kuona kwamba mwezi uliopita iliandikwa kilo kumi na moja. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ndala. Halafu akaniuliza, wala si kwa kunong'ona, kama chakula cha mtoto huwa nakila mwenyewe. Benchi zima likacheka. Pembeni yangu alikaa dada wa mume wangu, ambaye kwa Baganda ndiye ssenga wa watoto, amempakata Babirye, pacha wa Nakato, mtoto aliyeumuka kama andazi la sikukuu. Ssenga hakucheka. Alinyoosha shingo asome anachoandika nesi. Nesi aliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwamba mtoto ananyimwa chakula, na chini yake, uzembe wa mama.

Nilimpokonya kalamu. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, nikaichomeka kwenye sidiria, nikamwambia akitaka kuendelea kuandika aje aitoe. Nikamshusha Nakato kwenye mizani, nikamfunga mgongoni, nikachukua kadi yetu na kutoka nje na kalamu ya watu.

Nje, getini, ssenga alinifikia akihema. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nnalongo," akasema, kwa kuwa mama wa mapacha huku haitwi jina lingine tena, "sitaki ugomvi na wewe. Jumamosi nakuja kumchukua Nakato nikamlishe mimi. Kadi imesema."

Kadi imesema. Maneno hayo yaliniuma kuliko kile kicheko, kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba kadi ile ilikuwa na uongo ndani yake, na mtu huyo alikuwa mimi. Nitaeleza. Lakini siwezi kueleza bila kuanzia kazini, na kazi ndiyo niliyoombwa niandike.

Ofisi imeniomba niwaachie maneno nyinyi mnaopokea visanduku vyetu vya sampuli kwenye mradi huu. Naandika Kiswahili kwa sababu mmoja wenu katoka Busia, mmoja Bunia na mmoja Bombo, na Luganda mtajifunza wenyewe mkishatukanwa vya kutosha. Nastaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Miaka tisa ya kubeba choo cha watu wengine ni sawa na ishirini ya kukaa mezani, na mkifika mwaka wa pili mtakubaliana nami.

Niliingia nikiwa na cheti cha senior foo, yaani kidato cha nne, na mdomo. Walikuwa wanatafuta mtu anayejua Luganda na Kiswahili, asiyeogopa kupanda boda, na asiyechefuka upesi. Baba yangu ni Mkenya, alikuja Kampala kuuza vipuri, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa cha nyumbani. Boda nilipanda tangu shuleni. Kuhusu kuchefuka, niliwaambia nimelea wadogo zangu wanne kwa beseni moja. Hawakuniuliza swali lingine.

Aliyenipokea maabara ni Hajati Zainabu. Hajati ni Mnubi wa Bombo, babu wa babu yake alikuja na askari kutoka Sudani, na Kiswahili chake bado kina buti ndani: kifupi, kinaamrisha, hakiombi samahani. Ni mama mkubwa wa mwili, akikaa kwenye kile kiti cha ofisi chenye magurudumu, kiti kinasema. Siku ya kwanza alinitazama nikiwa nimeshika kikopo kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Vaa glavu," akasema, "halafu acha kukunja uso. Choo hakijakukosea kitu."

Akanifundisha kila kitu asubuhi hiyo hiyo, na sijaongeza kikubwa tangu siku hiyo. Kikopo kina kijiko kidogo kwenye kifuniko. Unachukua kiasi cha njugu mbili, si zaidi, mtu asikuletee mzigo. Lebo unaiandika kabla hujaondoka mlangoni kwa mama, kwa ile kalamu isiyofutika, saa na dakika, kwa sababu ukisema utaandika ukifika barabarani utakuwa na vikopo vinne na kumbukumbu ya kikopo kimoja. Kisha barafu, mara moja. Kilichokaa juani, alisema Hajati, si sampuli tena, ni choo tu.

Nilimuuliza tunatafuta nini humo. Nilidhani atasema minyoo. Akaniambia tunatafuta wapangaji. Tumbo la mtu, alisema, ni kama zile nyumba za chumba kimojakimoja zilizojaa mji huu, na kila chumba kina bakteria wake. Wako wanaokusaidia kuvunja chakula kilichokushinda wewe na kukupa sehemu yake. Wako wanaokula na kukaa kimya. Wako wanaoleta fujo mpaka nyumba nzima haipati faida ya kilichopikwa. Watoto wawili wanaweza kula chungu kimoja, sahani moja, na mwili wa kila mmoja ukachukua kiasi chake. Mradi wetu ulitaka kujua wapangaji wa tumbo la mtoto anayenenepa na wa yule asiyenenepa wanatofautiana vipi.

"Mimi nikinusa chapati tu naongezeka," Hajati akaniambia. "Mume wangu anamaliza sahani mbili za pilau na bado suruali inamdondoka. Miaka thelathini, jiko moja, sufuria moja. Sasa niambie mroho ni nani."

Alinieleza pia habari za panya. Watafiti waliwachukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja tumboni, wengine wakapandikizwa bakteria wa mtu mnene na wengine wa mtu mwembamba. Chakula kilikuwa kile kile. Wale wa mtu mnene wakajiwekea mafuta zaidi. Nilifurahi sana, nikatoka mbio kwenda kuwaambia akina mama kwamba unene ni bakteria, basi. Hajati alinirudisha nikiwa mlangoni. Panya si mtoto wa mtaa wa Wandegeya, akasema. Mtoto ana maji machafu, ana malaria, ana dawa alizomezeshwa hovyo, ana mama anayetoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta riziki. Bakteria ni sehemu ya habari, na hata wenye digrii tatu hawajajua ni sehemu kubwa kiasi gani. Kwa hiyo mkiulizwa na akina mama, msijifanye mnajua. Semeni hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Sasa vifaa. Kisanduku cha barafu mtapewa cha bluu, kamba yake itawakata bega la kushoto, hamisheni kulia kila baada ya nyumba mbili. Na msidanganye kuhusu kilichomo. Kule Ntinda kulikuwa na nyumba za ghorofa zenye askari wa geti aliyependa kazi yake kupita kiasi. Mwezi wangu wa kwanza aliniuliza nimebeba nini, nami nilikuwa na haraka, nikasema aiskrimu. Akataka kuonja. Nikasema imeyeyuka. Akasema yeye hajali. Tukavutana pale mpaka akafungua mwenyewe, akachukua kikopo, akakiinua kwenye mwanga, akasoma lebo taratibu, jina, umri, saa. Akakirudisha polepole sana, akafunga kisanduku, akanipigia saluti. Kwa miaka mitano iliyofuata aliniita Madamu Aiskrimu mbele ya wapangaji wote.

Wandegeya tulikuwa na wanafunzi wa hosteli waliojitolea. Hao ni wepesi, wanakula kikomando, chapati na maharage, kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu, na wanajivunia mno. Mmoja aliniletea kikopo kimejaa mpaka juu, amekishindilia, akidhani tunapenda bidii. Kifuniko kiliruka ndani ya maabara. Hajati alisema kijana huyo atafika mbali, ila asifike hapa.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa soko la Owino. Tulikuwa na akina mama wa mstari mmoja wa mitumba, wenye watoto wadogo wanaocheza chini ya meza. Nilikuwa napita kila mwezi, wananipa vikopo vizuri, safi, mapema, bila kisingizio. Nilijiona bingwa. Halafu Hajati akaniita. Majibu yalikuwa yamerudi, akanionyesha kwamba watoto sita wa mstari ule wana matumbo yanayofanana kama vile ni tumbo moja. Hata ndugu wa damu hawafanani hivyo. Akaniuliza kama naona tatizo. Nikasema labda ni hewa ya soko.

Nilirudi Owino nikakaa na Mama Shamimu, muuza sidiria za mitumba, mama wa mtoto mwembamba kuliko wote. Alinikwepa, akanipimia sidiria, mwishowe akasema ukweli. Mwisho wa mstari ule kulikuwa na mtoto mmoja anaitwa Sula, mnene, mashavu yamefunika macho. Akina mama walikuwa wakichota kwa Sula. Wote sita. Asubuhi ya zamu yangu walipanga foleni kwenye poti la Sula, na mama yake aligawa kwa heshima kubwa kama anagawa nyama ya harusi.

"Wewe," Mama Shamimu akaniuliza, "ungepeleka mtihani wa mtoto aliyefeli wakati wa aliyefaulu uko hapo?"

Walidhani ni mtihani, na mtihani wenyewe si wa mtoto bali wa mama. Huku mtoto mnene ndiye cheti cha mama. Wageni wakiingia nyumbani humtazama mtoto kwanza, ndipo wanaamua watakusalimia vipi. Leo naelewa. Siku ile sikuelewa. Niliwasimamisha akina mama wale katikati ya mitumba yao nikawaambia kwamba anayedanganya kikopo anamdanganya mtoto wake, waone haya. Niliyasema kwa mdomo mpana, wakati huo sina hata mtoto mmoja.

Hajati alikwenda kuitengeneza mwenyewe. Alikaa juu ya robota la nguo, akala mahindi ya kuchoma, akawaambia cha Sula tunacho cha kutosha mpaka mwakani, tunashukuru. Anayetakiwa ni mtoto mwembamba anayekula. Huyo ndiye atakayetufundisha kitu. Kuanzia mwezi ule wakaanza kushindana kwa upande wa pili, kila mmoja anadai wake ndiye mwembamba zaidi na anakula zaidi, na mama wa Sula alinikasirikia kwa kumwondoa kazini. Nilicheka njia nzima mpaka maabara, boda akaniuliza kama niko sawa.

Mwaka wa saba nikaolewa, na mwaka huo huo nikapata mapacha. Aliyetangulia ni Babirye, aliyefuata ni Nakato. Majina hayo hakuna anayeyachagua, yanakuja na mapacha wa kike. Siku ya sherehe ya mapacha ukoo wa mume wangu ulikuja na ngoma, na kama mnavyojua nyimbo za sherehe hiyo ni matusi matupu yenye ruhusa. Ssenga ndiye aliyeongoza. Mtu yule huwa hasemi hata neno goti bila kuomba radhi, lakini siku ile alinitukana kwa sauti nzuri kabisa kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, nami nikamrudishia, tukapendana tangu hapo.

Mapacha walikua, ila Babirye alikua kwa upana. Nakato aliugua kifua akiwa na wiki tatu, akalazwa, akapewa antibiotiki, akapona, akaugua tena, akapewa tena. Labda wapangaji wake wazuri walifukuzwa pamoja na wabaya. Labda siyo. Watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia kwenye mradi, kwa hiyo miaka yote hii nimebeba matumbo ya watoto wa Kampala nzima na la Nakato silijui. Alipimwa minyoo, damu, kikohozi, hakuna kitu. Anakula. Anakula ndizi za matooke, anakula maharage, anakula uji wenye unga wa dagaa, akimaliza chake anaikamata sahani ya Babirye na kuivuta kwa mikono miwili. Anakimbia, anauma watu. Hajati alimtazama akiparamia viti vya maabara, akasema mtoto mwenye njaa hana nguvu za upuuzi kama huu, tumfuatilie bila kupiga kelele.

Lakini kelele zilipigwa. Jirani aliniuliza kama namnyonyesha mmoja tu. Mama wa dukani alimpa Nakato biskuti mbili na Babirye moja, akanitazama kama ameniokolea mtoto. Na kila mwezi kliniki, kilo za Nakato zilisomwa kwa sauti, benchi likageuka kutafuta mama yake ni yupi.

Haya, sasa nakuja kwenye uongo wangu. Mwezi mmoja kabla ya Jumanne ile nilikwenda kliniki nikiwa nimechoka. Nakato nilimwacha amelala kwa jirani. Nilipeleka Babirye, akapimwa, kilo kumi na moja. Nikatoka nje nyuma ya tangi la maji, nikamvua gauni jekundu nikamvika la njano, kofia nikaigeuza, nikajipanga upya kwenye foleni na kadi ya Nakato mkononi. Sura zao ni moja, na nesi alikuwa na watoto sitini. Kilo kumi na moja. Nesi akapiga makofi. Akaniambia hongera, Nnalongo, Nakato ameamka. Akina mama wakapiga makofi pia. Na mimi, niliyewasimamisha wenzangu Owino waone haya, nikaipokea hongera ile nikaenda nayo nyumbani. Nilitembea kwa maringo.

Mwezi uliofuata ssenga alikuwa kwetu na akataka kutusindikiza. Mikono miwili, watoto wawili, hakuna nafasi ya gauni la njano. Kwa hiyo zile kilo mbili na nusu ambazo nesi aliona zimepotea hazikuwahi kuwa za Nakato. Zilikuwa za Babirye. Nesi alikuwa na sababu ya kushtuka, hilo nakubali. Lakini hakuwa na sababu ya kunitangaza, wala kuandika hukumu kabla ya kuuliza swali. Ndiyo maana nilitoka pale na hasira mbili, moja juu yake na moja juu yangu mwenyewe, na sikujua ipi ni ipi.

Nilikwenda moja kwa moja maabara. Hajati aliniona nimevimba uso na kalamu inachungulia kifuani, akaniambia niketi. Nikamweleza yote, na gauni la njano nikalitaja. Hajati akasogeza kiti chake mpaka karibu yangu.

"Kwa hiyo Babirye ndiye Sula wako," akasema.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho hakipendezi usoni. Kisha akanipa amri mbili. Ya kwanza, kalamu irudi leo hii. Nikaipeleka, nikamkabidhi mlinzi wa kliniki, naye hakuuliza ilikuwa wapi. Ya pili, akafungua daftari letu la mapokezi na kunionyesha kosa alilolifanya yeye mwenyewe miaka mingi nyuma. Kwenye maabara hatufuti, hatupaki rangi nyeupe. Namba ya uongo unaipiga mstari mmoja, isomeke bado, juu yake unaandika ya kweli, unatia sahihi yako na tarehe. Kadi ya mtoto nayo ni daftari, akasema. Ila wa kwanza kuambiwa ni ssenga, kwa sababu kadi haimchukui mtoto, ssenga ndiye anamchukua.

Jumamosi ssenga alifika na begi tupu la nguo za Nakato. Sikuwa na ujasiri wa kuanza na gauni la njano. Nikamwambia akae wiki moja kwangu, apike yeye, agawe yeye, mimi sishiki hata mwiko. Nakato akiongezeka, amchukue, nitambebea begi mpaka kwenye gari. Alinitazama kama mtu aliyepewa mchezo aliokwisha kuushinda, akavua vikuku, akaingia jikoni.

Wiki ile tulikula vizuri kuliko Krismasi. Ssenga alipika matooke na mchuzi wa karanga, samaki, uji wa ulezi wenye maziwa, mayai. Alimlisha Nakato kwa mkono wake mwenyewe. Nakato alimaliza, akapiga sahani, akaongezwa, akamaliza, kisha akapanda kwenye mapaja ya ssenga na kula cha ssenga. Siku ya nne nilimsikia ssenga jikoni akiongea peke yake, akiuliza kinakwenda wapi. Babirye alikula nusu ya mwenzake na mashavu yakaongezeka. Mimi nilikaa pembeni nikisuka nywele, sikusema kitu, na kwangu mimi kutosema kitu ni kazi ngumu.

Mwisho wa wiki ssenga alikataa mizani ya kliniki, akasema haiamini tena. Tukaenda Owino kwa muuza maharage anayemfahamu, mwenye mizani ya kutundika magunia. Wakamweka Nakato kwenye kitambaa, wakamtundika. Kilo nane na nusu, na kidogo kama sikio la panya. Muuza maharage akaitazama ile namba, akamtazama Nakato anayetafuna kamba ya mizani.

"Huyu simnunui, nyabo," akamwambia ssenga kwa heshima zote. "Gunia halijajaa."

Ssenga akaketi juu ya maharage. Wiki nzima ya mikono yake mwenyewe ilikuwa pale inaning'inia, na haikutosha kusogeza mshale. Hapo ndipo nikamwambia. Nilimwambia pale pale, nimesimama, gauni, kofia, tangi la maji, makofi, vyote. Nilisubiri matusi, na yale ya kweli, siyo ya ngoma. Akaniuliza lilikuwa gauni lipi. Nikasema la njano, alilowanunulia yeye. Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, halafu tumbo, halafu akashika gunia asianguke, muuza maharage naye akacheka bila kujua anacheka nini.

"Kwa hiyo nilifunga safari na begi," akasema alipopata pumzi, "kumwokoa mtoto kutoka kwenye kilo za dada yake."

Kisha akajifuta macho na uso wake ukarudi. Akasema Nakato abaki, hilo limekwisha, hata yeye hajui angempikia nini zaidi ya alichokwisha kumpikia. Lakini kadi? Yale maneno yatakuwepo mtoto akianza shule, akilazwa, siku mimi na mume wangu tukikosana. Siku moja atayasoma mtu mwingine, na mtu huyo hatakuwa amepika wiki moja kwangu. Nilikuwa nimefikiria kukaa kimya baada ya ushindi ule. Ssenga ndiye aliyekataa.

Basi tulikwenda Wandegeya kwenye duka la kuchapa, tukakaa wote wawili nyuma ya binti wa kompyuta, Nakato mapajani mwa binti huyo akibonyeza herufi zake mwenyewe. Nilikuwa na maneno makali ya kurasa tatu. Ssenga aliyapunguza. Binti alipofika aya ya pili aligeuka akaniuliza kama nina hakika nataka iandikwe hivyo, kwa sababu watu wengi huja pale kulalamika na hajawahi kuona anayejilalamikia. Nikamwambia achape. Nikatia sahihi, ssenga akatia yake kama shahidi. Jumatatu nikaipeleka ofisi ya msimamizi wa kliniki, nikasubiri katibu agonge muhuri kwenye nakala yangu. Jumanne nikarudisha kisanduku cha bluu kazini. Nakala ndiyo hii, kama ilivyo, kwa sababu sijawahi kuandika ripoti iliyonigharimu zaidi ya hii.

"Kwa Msimamizi wa Kliniki. Mimi ni mama wa mapacha Babirye na Nakato. Naleta lalamiko juu ya watu wawili.

"Wa kwanza ni mimi. Mwezi uliopita nilimpima Babirye mara mbili, mara ya pili kwa kadi ya Nakato. Kilo kumi na moja zilizo kwenye kadi ya Nakato ni za uongo na niliziweka mimi. Naomba zipigwe mstari mmoja, zisomeke bado, na mimi nitatia sahihi pembeni mbele yenu.

"Wa pili ni nesi wenu wa mizani. Aliposhtuka kuona kilo zimepungua alifanya vizuri kushtuka. Alipouliza mbele ya watu kama nakula chakula cha mtoto, alifanya vibaya. Alipoandika kwamba mtoto ananyimwa chakula na kwamba mimi ni mzembe, bila kuuliza anakula nini, ameugua nini, amemeza dawa gani, wala tumbo lake likoje, aliandika asichokijua. Nimefanya kazi miaka tisa na watu wanaochunguza matumbo ya watoto, na hata wao hawawezi kumtazama mtoto mwembamba na kusema papo hapo kosa ni la nani. Naomba maneno hayo nayo yapigwe mstari, kwa sahihi yake.

"Naomba pia kilo za watoto zisisomwe kwa sauti. Ziandikwe tu, na mama anong'onezwe. Na mama mwenye mtoto mwembamba aitwe pembeni aulizwe kwa sauti ya chini, halafu asubiriwe ajibu. Mngeniuliza hivyo mwezi uliopita, nisingembeba Babirye mara mbili."